Mwaka Nilioacha Kutaniwa

Simu ilinikuta nikimenya muhogo. Alikuwa Agnesi, binti mkubwa wa Kulwa, akipiga kutoka Tanga. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, na kwa sauti yake nikajua kabla hajasema. Mama yake alikuwa ameondoka alfajiri ile, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nikakalia ndoo iliyokuwa karibu, kisu bado mkononi. Agnesi alinieleza habari za mazishi, siku na mahali, huko Pongwe, halafu kwa adabu ile ya watoto waliosoma wakaingia maofisini akaongeza: "Baba Mhina, mama alisema siku zote kwamba wewe ndiye mtani wake. Lakini kamati imeomba, kwa heshima zote, mambo ya utani yasiwepo. Kutakuwa na wageni wengi kutoka kazini kwetu, hawatayaelewa." Nikamwambia sawa, mwanangu, poleni sana. Mfiwa habishiwi, na mimi si mtu wa kubishana kwenye simu. Ila nilipokata sikuweza kuendelea na muhogo, na si kwa msiba peke yake. Nilikuwa nimekubali kwenda kumzika Kulwa kama mgeni.

Kwa asiyejua, niseme. Mimi ni Mbondei, Kulwa alikuwa Mnyamwezi. Zamani sana watu wa kwao walipita kwetu wakielekea pwani na mizigo, na tangu hapo Mbondei na Mnyamwezi wakikutana hutukanana kwa mapenzi, hunyang'anyana kofia, kila mmoja akidai mwenzake ni mtumwa wake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Msibani ndiko mtani anakofanya kazi yake hasa. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza alivyotembea na alivyokohoa, hulizuia jeneza njiani, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Haombi ruhusa, maana huo ni wajibu wake. Na mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kumdai Kulwa haki hiyo, sababu ya mwaka mmoja niliopanga naye nyumba Nguvumali, mwaka ambao sidhani ningeumaliza bila yeye.

Ilikuwa nyumba ya Bi Mwanahamisi, mama wa Kidigo mwenye sauti ya kukwaruza na moyo laini. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko la makuti na choo. Kuta hazikufika juu kabisa, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakuombea. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, na dirisha la kutazama ua. Mlango wangu ulitazamana na wa Kulwa. Siku niliyohamia aliniuliza kabila langu, nikamwambia, naye bila neno akakaa juu ya sanduku langu la nguo. "Hili ni letu," akasema. "Babu yangu alilibeba likiwa na babu yako ndani. Kutoka Tabora." Nikamwuliza babu yangu alikwenda Tabora kufanya nini. Akasema hilo nikamwulize babu yangu. Tangu siku hiyo taulo langu jipya likawa lake, nami nikala kila alichoacha jikoni bila kukitazama.

Kulwa alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, na wakati huo alifanya kazi kiwanda cha kamba. Alikuwa mnene kidogo, mwenye mapengo, na nywele zake zilikuwa na vumbi la katani hata Jumapili aliporudi kanisani. Mimi nilikuwa karani bandarini. Karani wa nini, sijui, maana meli zilikuwa zimeadimika. Tulikaa kwenye mabenchi tukitazama maji na kugombea gazeti la juzi. Ilikuwa miaka ile ya sabuni kukatwa vipande, ya chai ya rangi isiyo na sukari, ya unga wa njano tuliouita yanga, uliokuwa na harufu ya gunia hata uupike vipi. Mtu akipata kanga mbili kutoka Mombasa anazificha chini ya godoro kama mwizi. Tulisikia kwamba mambo yatalegezwa, mipaka itafunguliwa, lakini tulishasikia mengi.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza chakula kilipoteza ladha, nikalaumu yanga. Kisha usingizi ukawa unanikatika mapema, nikalaumu joto. Halafu nikawa nasoma mstari mmoja kwenye karatasi ya kazini, narudia, narudia, na mstari hauingii. Wenzangu wakizungumza nasikia sauti, maana yake haifiki. Kichwani mwangu alikuwamo mtu mmoja tu anayezungumza. Mtu huyo alikuwa mimi, na alikuwa akinisema mimi: kwamba sifai, kwamba ni mzigo, kwamba kila mtu anajua na wananistahi tu. Hakuchoka wala hakubadilisha maneno. Siku moja nilikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, hadi adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, na sikwenda kazini siku hiyo wala zilizofuata.

Watu walitaka sababu. Nikiwa nimelala nimegeukia ukuta niliwasikia uani wakinigawana. Mmoja alisema nimekataliwa na mchumba, na mchumba sikuwa naye. Mwingine akasema bandarini pana watu wabaya, nimetupiwa kitu. Bi Mwanahamisi alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole, akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, nikanywa. Siwezi kulicheka kombe lile. Mkono wa yule mzee kichwani mwangu ulikuwa kitu cha kwanza kunifikia kwa muda mrefu, japo haukukaa. Baada yake nilirudi ukutani kwangu.

Ndipo nikasikia maneno ambayo sijayasahau. Kulwa alikuwa amepita mlangoni kwangu akisema, kama kawaida yake, "Mtumwa wangu, leo nani anakuogesha?" Bi Mwanahamisi akamwita uani, akamwambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Kulwa, mwanangu, koma. Yule ni mgonjwa. Mgonjwa hataniwi, aombewa. Wamwongezea mawazo." Kulwa akajibu, "Lakini Bi, mtani..." "Nishasema. Mtani na apone kwanza." Halafu nikasikia mwiko ukirudi sufuriani.

Jioni ile Kulwa aliniletea uji. Aliingia polepole, akaweka kikombe mezani, akasema kwa sauti ya watu wa hospitali, "Pole, kaka Mhina." Nataka nieleze jinsi lile neno kaka lilivyonitisha. Kila mtu alikuwa tayari ananisemesha kwa upole, na kila upole ulimthibitishia yule msemaji wa kichwani kwamba ana haki. Aliyebaki kunifanya mtu mzima ni yeye tu, kwa matusi yake. Nililala nikiwaza, kwa akili ile iliyopinda, kwamba kwa desturi yetu hata maiti hutaniwa. Mimi nilikuwa napumua na sikutaniwa. Basi nilikuwa nini? Nilianza kuona kwamba dunia haingepungukiwa kitu kama nisingekuwamo, na wazo hilo halikuniogopesha. Leo linaniogopesha.

Aliyenipeleka hospitali ni Kulwa. Sijui alinionaje. Asubuhi moja aliomba ruhusa kiwandani, akanivalisha shati, akanishika kiwiko, tukaenda kwa miguu kupitia Usagara, yeye akinivuta na mimi nikifuata kama mbuzi aliyechoka kubisha. Kliniki ya magonjwa ya akili ilikuwa chumba cha mwisho kabisa, ili watu wasikuone, na daktari alikuwa kijana wa bara, shati lake limepauka kwa kufuliwa kwa majani ya mpapai badala ya sabuni. Aliniuliza mambo mengi kwa utulivu, pamoja na lile la kutotaka kuishi. Aliliuliza hivihivi, kama anayeuliza kuhusu kikohozi, nami nikajibu ndiyo. Nilimsikia Kulwa akivuta pumzi nyuma yangu. Daktari alisema ugonjwa huu unaitwa sonona, kwamba si uvivu wala aibu, kwamba upo na dawa yake ipo. Kisha akamgeukia Kulwa. "Wewe ni nani wake?"

"Mtani wake."

"Mnataniana?"

"Nimekatazwa. Wanasema mgonjwa hataniwi."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwetu pia tuna watani. Sikiliza, dada. Hivi vidonge vinachelewa. Wiki za mwanzo ataona mdomo mkavu na usingizi tu, atataka kuviacha. Usimruhusu. Na usimwache peke yake. Huko kichwani anazungumza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mtanie kama ulivyozoea, usimwumize tu. Asipojibu, endelea."

Mwezi uliopita, tukiwa njiani kwenda kumzika, nilimsimulia hayo mpwa wangu Zubeda, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha. Naishi kwake Dar siku hizi. Zubeda ni daktari wa picha za ubongo, na ana tabia ya kuzungumza taratibu barabara ikiwa mbaya. Alisema siku hizi mtu analazwa ndani ya mashine na wao wanatazama sehemu zipi za ubongo zinapanda na kushuka pamoja, na hizo zinazokwenda pamoja wanaziita mtandao. Upo mtandao unaoamka mtu anapojiwaza mwenyewe na yaliyopita. Upo wa kushughulika na kazi iliyo mbele yake. Na upo unaochagua kipi kijaliwe sasa, unaoupokeza huu na kuutuliza ule. "Kwa baadhi ya wenye sonona, mjomba, ule wa kujiwaza unashikamana mno, hautaki kupokezana na wenzake. Ni kama nyumba yenu ya Nguvumali, chumba kimoja kimejifungia na kelele zake, ukumbi hauna mtu." Nikamwambia mfano wake ni wa mtu ambaye hajawahi kupanga, kule kwetu hakuna aliyeweza kujifungia. Akacheka. Nikamwuliza, na dawa?

"Dawa ikishafanya kazi, kwa wengine tunaona ule mshikamano unalegea na mawasiliano na sehemu nyingine yanarudi. Tiba ya maongezi nayo inabadilisha, pengine kwa njia yake. Lakini usinishike neno. Utafiti huu unasema hivi, ule unasema vile, na tunalinganisha makundi ya watu. Siwezi kutazama picha yako moja nikasema huyu anayo, huyu amepona."

"Na utani?"

"Huo hatujauweka kwenye mashine."

Tulikuwa tumesimama Muheza kununua machungwa. Nilikula moja pale pale kando ya gari, juisi ikinitiririka hadi kwenye kiwiko, na nikamlilia Kulwa kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Zubeda aliniacha nilie. Alinishikia fimbo yangu ya kutembelea.

Narudi Nguvumali. Kulwa alimweleza Bi Mwanahamisi maneno ya daktari, na Bi akaguna, akasema basi daktari na ajue mwenyewe. Lakini dawa zilipoadimika hospitali ni yeye aliyemtuma mdogo wake, aliyekuwa na njia zake za magendo mpakani Horohoro, azitafute Mombasa kwa cheti cha daktari. Zilikuja zimefungwa ndani ya kanga, katikati ya miche ya sabuni. Aliziweka chumbani kwake, kwenye sinia lake la shaba, na kila jioni aliniita nimeze mbele yake. "Fungua mdomo nione." Mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi. Nilisinzia nikiwa nimekaa, nikawachukia wote wawili kwa unyonge, na mara kadhaa nilitaka kuacha. Nisimdanganye mtu: vidonge vile vilifanya kazi, na bila hivyo nisingekuwa naandika.

Na kila siku, akitoka kiwandani, Kulwa alisimama mlangoni kwangu na kunitukana. Alifanya hivyo bila kuitikiwa, siku baada ya siku, kama anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo ameambiwa mwenyewe yumo. "Mbondei, amka. Uvivu huu ni wa babu yako, ndiyo maana babu yangu alimbeba begani kutoka Tabora." Nilisikia sauti. Niliona midomo. Maneno yalikuja yakaanguka mahali fulani kabla ya kunifikia, kama mawe yanayoishia majini. Alingoja kidogo kila mara, kichwa kakiinamisha upande, akinipa nafasi yangu. Kisha anasema, "Haya, kesho utanijibu," na kwenda kupika. Sasa nikifikiria kusubiri kule ndipo ninapoona kazi aliyoifanya. Mtu akimtania mwenzake na asijibiwe, aibu humrudia mwenyewe. Kulwa aliibeba aibu hiyo mbele ya nyumba nzima.

Ilikuwa Jumapili mchana. Wote walikuwa uani. Bi Mwanahamisi akikuna nazi kwenye mbuzi, mtu akisuka nywele, redio ikizungumza peke yake. Siku hiyo palikuwa na bada, ugali wa muhogo tunaoupenda sisi watu wa huku, na mchuzi wa changu, na ninakumbuka kwamba harufu ilikuwa imeniingia puani bila mimi kuiita. Kulwa aliniletea sahani, akasimama palepale. "Kula, mtumwa. Ungemwona babu yako alivyolia njiani. Babu yangu kambeba kutoka Tabora mpaka..."

"Babu yangu hajawahi kufika Tabora," nikasema.

Sikukusudia. Lilikuwa limenikera. Kwa muda wote ule uongo ule ule, kila siku, na hakuna aliyeusahihisha! Kulwa alibaki na sahani mkononi. Nikaongeza, kwa sauti iliyokuwa na kutu, "Babu yako ndiye aliyepotea njia, akaja kwetu kuomba machungwa."

Hakucheka. Aliweka sahani juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, akavuka ukumbi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kuta zetu zilikuwa zile zile, nikamsikia akilia, ameuma kitu, nadhani ni taulo langu. Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Kulwa!" Bi Mwanahamisi akaita. "Kuna nini humo? Kasema nini?"

"Kasema," Kulwa akajibu ndani ya kilio, "kasema babu yake hajafika Tabora."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanahamisi, na mbuzi ikaanza tena kukwaruza. Nilikula bada yote.

Sikupona siku hiyo. Zilikuwapo siku nyingine za ukuta, na vidonge niliendelea navyo kwa muda mrefu. Lakini mlango ulikuwa umeachia. Mwaka haujaisha, mambo yakalegezwa kweli, sabuni nzima zikarudi madukani, na marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa barabarani. Kulwa alininunulia koti la baridi, zito, la watu wa nchi za theluji, akanilazimisha nilivae Tanga, kwenye jua lile, tukapita nalo mtaani huku akitangaza kwamba mtumwa wake amerudi kutoka Ulaya. Nilikuwa nacheka na kutoka jasho. Nilikuwa na furaha, nasema hivyo bila kuona haya.

Pongwe tulikuta maturubai, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Watu walilia kwa utaratibu. Nilimkumbatia Agnesi, nikakaa nilipoonyeshwa, nikamsikiliza mtu wa ofisini akimsifu Kulwa kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote. Kijana wa kamati aliniinamia mara mbili kuuliza kama nahitaji maji. Jeneza likapelekwa kaburini. Padri akafungua kitabu. Agnesi alikuwa amesimama wima, macho makavu, uso umefungwa, na niliujua uso ule. Nilimwona mtu aliyeanza kuzungumza peke yake kichwani.

Nikampa Zubeda fimbo yangu. Nikatoa kwenye mfuko wa plastiki lile koti la mitumba, ambalo nilikuwa nimekuja nalo kutoka Dar huku nikijiambia ni kumbukumbu tu, nikalivaa, nikafunga vifungo hadi shingoni, nikaenda kusimama kati ya jeneza na kaburi.

"Simameni hapo hapo!" nikasema. "Huyu hazikwi. Huyu ni mtumwa wangu, na hajaniaga."

Kijana wa kamati alinijia mbio, "Mzee, tafadhali," lakini padri, mtu mzima wa huku huku, alimzuia kwa mkono na kufunga kitabu chake, kidole kikiwa ndani. Wageni wa ofisini walitazama chini. Nikaanza kutembea alivyotembea Kulwa, kwa kutikisa makalio, mikono kiunoni, na koti likipwaya. Nikawaambia ameondoka na taulo langu, na mwenye ushahidi ajitokeze. Nyuma ya umati mama mmoja mzee wa kambi ya mkonge akapiga kigelegele kimoja kikali. Kisha nikasikia Agnesi. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, kikavunjika, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakatoka yote pamoja, naye akishikilia bega la mdogo wake ili asianguke.

Nikapiga goti, kwa shida, nikabisha hodi juu ya ubao wa jeneza. "Kulwa. Mbele ya watu hawa wote. Kiri kwamba babu yangu hajawahi kufika Tabora."

Nikainamisha kichwa upande, nikampa nafasi yake.

"Haya," nikasema, "kesho utanijibu," na nikawapisha wamzike.